UZI: Biashara nyumbani kwenye kiwanja cha makazi Mtwara. Wateja wakiongezeka, sheria inasemaje?

Mwenye Kiwanja:
Habari za jioni, wakuu. Naweka vipimo vyote mapema ili tusizunguke. Kiwanja kipo Chuno, mita 20 kwa 25, kimepimwa, hati inasema matumizi ni makazi. Kazi ni ushonaji: vyerehani vitatu, pasi na meza ya kukatia, vyote chumba cha mbele. Siku ya kawaida wateja ni 10 hadi 14, wengi wanaletwa na bodaboda. Barabara ya mbele ni ya mchanga, kama mita 8 kutoka uzio hadi uzio. TIN (namba ya mlipakodi) ipo, leseni inaombwa Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Majirani wawili wamekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wanalalamikia pikipiki.

Maswali mawili. Kuna idadi ya wateja ambayo ukiivuka umevunja sheria? Na leseni ikishatoka, jirani bado ana hoja?

Mchora Ramani:
Nianze na la pili, maana ndilo linalowaangusha wengi. Ndiyo, jirani bado ana hoja. Leseni na hati ni vitu viwili vilivyozaliwa na sheria tofauti. Leseni inatoka kwenye Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972: inakuruhusu wewe kufanya biashara fulani mahali fulani. Matumizi ya kiwanja yanasimamiwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 pamoja na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Afisa biashara akikuidhinishia leseni leo, hajagusa hata neno moja la hati yako. Mtu anaitundika leseni ukutani akidhani imemaliza kila kitu, halafu afisa mipango miji anafika kuuliza habari ya kiwanja, siyo ya biashara.

Sasa chukua hati, fungua sehemu ya masharti. Tafuta kipengele cha matumizi. Kitataja kundi kwa herufi, na makazi mara nyingi ni Kundi A, kisha daraja ndani ya kundi. Hapo ndipo pa kusoma taratibu. "Makazi" peke yake ni kitu kimoja, "makazi na biashara" ni kingine, na tofauti hiyo imelipiwa tangu siku kiwanja kilipouzwa na inaendelea kulipiwa kila mwaka kwenye kodi ya pango la ardhi. Hati nyingi za zamani ziko kwa Kiingereza. Kama lugha inakupiga chenga, mwombe afisa ardhi akusomee kipengele hicho kimoja.

La kwanza: masharti ya hati hayataji idadi ya wateja. Marekani miji mingi imeandika kwenye sheria zake kwamba biashara ya nyumbani isipokee zaidi ya wateja kadhaa kwa siku au kwa wakati mmoja. Huku kwetu anayekuja kukagua anaangalia mambo mawili. Matumizi makuu ya jengo bado ni makazi? Na shughuli inaleta kero kwa majirani? Chumba kimoja kati ya vyumba vinne kina cherehani na familia inaishi humo, hiyo bado ni nyumba. Sebule imekuwa stoo, vyumba viwili ni karakana, ukuta wa mbele umetobolewa mlango wa fremu ya duka, familia imehamia uani: hapo umebadilisha matumizi bila kibali, hata kama wateja ni watano tu.

Kwa hiyo 10 hadi 14 si kosa kwa namba yenyewe. Inakuwa tatizo pale inapoonekana barabarani.

Leseni Daraja B:
Naongezea upande wa leseni, Mkuu Mchora Ramani kauweka vizuri wa ardhi. Ushonaji wa kiwango hicho leseni yake ni ya Kundi B, inatolewa na halmashauri, siyo BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni). Kwenye Tausi kuna makosa matatu yanayojirudia. Kwanza, kuchagua aina ya biashara isiyo sahihi: unashona lakini umejaza duka la nguo. Mkaguzi akija, karatasi na macho yake havikubaliani. Pili, mahali: jaza mtaa na kata halisi, namba ya kiwanja na kitalu kama ilivyo kwenye hati. Tatu, TIN inaonesha eneo moja na leseni eneo lingine.

Leseni inadumu miezi 12 na ni ya mahali hapo tu. Ukifungua pa pili, panahitaji leseni yake. Na itundikwe panapoonekana, siyo kwenye droo.

Mhesabu Njia:
Mleta mada, wateja 14 siyo vyombo 14 barabarani. Tupige hesabu kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo mwenye biashara na jirani wanapogombana wakati kila mmoja anasema kweli.

Mteja mwenye gari lake anapita mara mbili: kuja na kuondoka. Gari likiwa limepaki, limenyamaza. Mteja wa bodaboda anapita mara nne. Pikipiki inakuja na mteja (1), inaondoka tupu (2), nyingine inakuja kumchukua (3), inaondoka naye (4). Wateja 14, tuseme 4 wanatembea kwa miguu na 10 wanapanda bodaboda, hizo ni mipito 40 ya pikipiki mbele ya geti la jirani. Tena mteja wa kushona haji mara moja. Anakuja kupimwa, anakuja kujaribu, anakuja kuchukua. Nguo moja, safari tatu, mipito 12. Wewe unaona mteja mmoja, jirani anasikia injini mara 12.

Kabla hujaongea na mtu yeyote, hesabu siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Daftari la mistari, gawa ukurasa kwa nusu saa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Kila chombo kikipita geti weka kijistari, ukitenganisha vilivyokuja kwako na visivyo vyako. Hicho cha mwisho usikiache. Mara nyingi nusu ya pikipiki mtaani zinaelekea shuleni, dukani au gengeni, na bila daftari zote zinaandikwa kwa jina lako.

Ukishapata picha ya nusu saa zako nzito, panga miadi. Kupima mtu ni dakika 15 hadi 20. Ukiweka watatu kwa saa, waliofuatana, hakuna anayesubiri nje. Wengi wanasema "njoo asubuhi", matokeo yake watu saba wanafika saa 3 pamoja.

Mtaa wa Pili:
Hesabu ni nzuri, ila ndugu yangu, malalamiko mengi mitaani hayatokani na mipito. Yanatokana na waliosimama. Bodaboda akimshusha mteja na kuona kuna mwembe na kibenchi, anakaa kusubiri abiria wa kurudi. Kesho wanakuwa wawili, kesho kutwa anakuja muuza kahawa. Hicho sasa ni kijiwe, na kijiwe kina redio, kina honi, kina maneno kwa mabinti wanaopita. Jirani anaandika kwa mwenyekiti "biashara ya fundi", kumbe anachokikataa ni kijiwe.

Dawa: ondoa kibenchi nje ya uzio. Kivuli cha kusubiria kiwe ndani. Ongea na madereva wawili au watatu wa kituo cha karibu, namba zao zibandikwe ndani, mteja akimaliza unampigia mmoja. Dereva anakuja akiitwa, hana sababu ya kukaa. Na honi marufuku, apige simu.

Mwenye Kiwanja:
Kweli kuna mwembe nje ya uzio na kibenchi kipo. Kinaondoka kesho. Mhesabu Njia, vipi kuhusu nafasi ya kuegesha? Mbele ya nyumba hadi uzio ni mita 5 na nusu.

Mhesabu Njia:
Mita 5.5 zinatosha vizuri. Gari dogo linahitaji mita 2.5 kwa 5, bajaji kama 1.5 kwa 3 ukiweka na nafasi ya kushuka, pikipiki mita 1 kwa 2. Kwa biashara yako huhitaji maegesho ya magari manne, unahitaji pa kushushia.

Njia inayofanya kazi kwenye viwanja vya mita 20 ni kurudisha geti ndani. Unavunja sehemu ya uzio upana wa mita 6, unaurudisha nyuma mita 2.5. Unapata kibaraza cha mita za mraba 15 ndani ya mpaka wako, nje ya njia. Pikipiki mbili na bajaji moja vinasimama humo bila kugusa barabara, na gari bado linaingia hadi ndani geti likifunguliwa.

Tatizo la Mtwara ni mchanga. Usipoweka kitu, tairi zitachimba kwa wiki mbili na bajaji itaanza kusimama tena barabarani kwa kuogopa kunasa. Chota mchanga wa juu sentimita 15, jaza kifusi, mwagia maji, shindilia kwa matabaka mawili. Kwa eneo hilo utahitaji mita za ujazo 2.25 baada ya kushindilia, kwa hiyo nunua kama 3, maana kifusi kinasinyaa. Mteremko uelekee ndani ya kiwanja kidogo au kwenye mfereji wako, usiuelekeze kwa jirani. Na usijaze kifusi kwenye mtaro wa barabara kupata daraja la bure. Mvua za Desemba hadi Aprili zikija, maji yatageukia nyumba za bondeni, na hapo mgogoro hautakuwa wa pikipiki tena. Kama kuna mtaro, weka kalvati (bomba la kupitishia maji), na uliza kwanza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa sababu barabara za mitaa ni zao.

Mchora Ramani:
Kabla ya kugusa uzio pita ofisi ya mipango miji. Kubomoa na kujenga uzio upya kunahusu kibali cha ujenzi. Kurudisha ndani huwa hakuna ubishi, wanachokipinga ni kutoka nje. Watu wengi wanaojenga fremu ya duka kwenye uzio wanaisogeza mbele nusu mita "ili mlango upate nafasi", hiyo nusu mita ni barabara ya umma na ndiyo inayopigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Bibi Afya:
Wanangu, mmemzungumzia fundi nguo, ambaye ni mpole. Tusiwaache wanaosoma uzi huu wakiwa na shughuli nyingine, maana wateja watano wa biashara moja wanaweza kuwa kero kuliko hamsini wa nyingine. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukupa notisi uondoe kero: moshi, harufu, maji machafu, makelele. Hasubiri hati yako inasema nini.

Chukua kubangua korosho, kazi ya nyumba nyingi huku kwetu. Ukikaanga korosho na ganda lake kwenye karai uani, mafuta ya ganda yanaungua na kutoa moshi mkali unaochoma macho na koo, nyumba tatu zinafunga madirisha. Mafuta hayohayo yanababua ngozi ya mikono. Anayeweza apate mashine ya mvuke, au afanye ukaangaji kwenye eneo la kikundi nje ya makazi, nyumbani abaki na kumenya, kuchambua na kufungasha. Vyakula vinavyofungashwa kuuzwa vinahusu pia TBS (Shirika la Viwango), tangu majukumu ya chakula yahamie kwao mwaka 2019. Na wanaoshika chakula wapimwe afya kila miezi sita.

Jambo jingine la msimu, kuanzia Oktoba: magunia ya korosho ghafi yakianza kushushwa nyumbani usiku kwa toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) na kirikuu (gari dogo la mizigo), hakuna atakayeuliza habari ya matumizi ya ardhi. Utahojiwa kwa kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Korosho ghafi inapita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mzigo unawekwa ghala rasmi kabla ya kuuzwa. Mbanguaji mdogo atunze risiti za alikonunua na apokee mzigo mchana kweupe.

Saluni: angalieni maji ya dawa za nywele. Shimo la nyumba ya watu watano halikuchimbwa kwa vichwa kumi kwa siku. Yakianza kutiririka barabarani, notisi inafuata.

Wa Mingoyo:
Shikamoo Bibi. Nauliza kwa upande wa Lindi, nyumba zilizo kando ya barabara kubwa ambazo hazijapimwa. Hakuna hati, kwa hiyo hakuna sharti la matumizi. Mtu akiuza barafu na samaki wa kukaanga barazani, malori yanasimama kununua, kosa liko wapi?

Mchora Ramani:
Mkuu, hapo kosa linakuja kwa mlango wa barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, zamani ilikuwa 22.5. Simama katikati ya lami na futi kamba ya mita 30 uone baraza iko wapi. Ikiwa ndani ya hapo, unaendesha biashara kwenye hifadhi, na lori likiegesha nusu tairi kwenye lami, Trafiki na TANROADS, wakala wa barabara kuu, wote wana neno. Njia salama ni kusogeza meza nyuma ya mstari na kuwaelekeza malori pa kuegesha palipo wazi, mbali na makutano. Pale njia panda ya Mtwara na Masasi dereva anakata kona huku anaangalia upande mwingine, siyo pa kusimamishia gari.

Na kukosa hati si kukosa sharti. Kama eneo lilipitiwa na urasimishaji (kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango), kuna mchoro wa mipango miji halmashauri, na kila kipande kimepewa matumizi humo. Nenda uulize mchoro huo kabla hati haijaandaliwa. Kama kiwanja kinatazama barabara inayopendekezwa kuwa pana, huo ndio wakati wa kuomba kiandikwe makazi na biashara. Ni rahisi mara kumi kuliko kuja kubadilisha baadaye.

Mtaa wa Pili:
Hiyo point ya urasimishaji ishikwe na kila mtu. Kikao cha mtaa kikiitishwa kujadili mchoro, nendeni. Watu hawaendi, mchoro unapita, baada ya miaka mitatu wanalalamika.

Mwenye Kiwanja:
Na nikiamua kubadilisha matumizi kabisa, hatua zikoje?

Mchora Ramani:
Barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, unaipeleka kupitia ofisi ya mipango miji. Ambatisha nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, na mchoro wa kiwanja unaoonesha jengo, mlango, maegesho na choo cha wateja. Maombi yanatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda wa pingamizi unatajwa kwenye tangazo, soma hapo na usikisie. Wataalamu wanakagua, kamati ya halmashauri inajadili, likipita linakwenda ngazi ya ardhi na hati inarekebishwa iwe na sharti jipya.

Yanayokwamisha ni matatu. Deni la kodi ya ardhi. Kiwanja kilicho katikati ya makazi tupu, mbali na barabara ya kukusanya (inayopokea magari ya njia ndogo za mtaa), maana wakikupa wewe kesho mtaa mzima utaomba. Na kukosa maegesho kwenye mchoro. Ukijibu la tatu kwa kile kibaraza cha mita 6, umewapa wataalamu sababu ya kukubali.

Pima pia gharama ya mbele. Kodi ya pango la ardhi inapanda kwa sababu inakwenda na matumizi, na itabaki juu hata mwaka ambao hushoni. Kwa vyerehani vitatu, maoni yangu ni usibadilishe. Tafuta fremu ndogo au hata nusu ya fremu Soko Kuu, iwe ya kupima na kukabidhi. Nyumbani libaki kata na shona. Wateja wanahama, kazi inabaki.

Leseni Daraja B:
Naunga mkono, ila kumbuka nilichosema: fremu ina leseni yake. Ukipokea wateja Soko Kuu kwa leseni iliyoandikwa Chuno, umelihamisha kosa, hujaliondoa. Uliza afisa biashara pale nyumbani patahesabika vipi, upate jibu kwa maandishi.

Bibi Afya:
Mwanangu Mwenye Kiwanja, umesahau kutaja Ramadhani.

Mwenye Kiwanja:
Shikamoo Bibi. Kweli, kumi la mwisho wateja wanafika 40 kwa siku, mpaka saa 5 usiku.

Mhesabu Njia:
Basi tatizo lako la mwaka mzima limejificha kwenye siku 10. Wateja 40 wote wakija kwa bodaboda ni mipito 160, na jirani anayevumilia mipito 40 hatavumilia hiyo, tena hadi baada ya tarawehe. Funga kupokea vitambaa vya Idi ifikapo tarehe 15 ya mfungo, na uandike hivyo mapema mwezi wa Shaabani. Vipimo vichukuliwe kabla ya mfungo. Nguo zilizokwisha zipelekwe kwa mafungu: dereva mmoja, mifuko kumi ya upande mmoja, Shangani jioni hii, Ligula kesho. Mipito 40 inakuwa miwili. Gharama ya dereva igawe kwenye nguo, mteja ataona nafuu kuliko nauli yake ya kuja na kurudi. Mwisho wa kupokea mtu nyumbani saa 2 usiku, hata siku ya mwisho.

Ijumaa pia, kama kuna msikiti jirani, acha nafasi kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 7 na nusu mchana. Njia imejaa yenyewe saa hiyo.

Mtaa wa Pili:
Kwa mwenyekiti usiende mikono mitupu wala usiende kujitetea. Nenda na daftari la siku sita, na karatasi ya utaratibu mpya. Majirani wale wawili waalikwe, wasomewe, waongeze lao. Mtendaji aandike muhtasari, mhuri, kila mmoja nakala. Muhtasari hauifuti hati, ila siku notisi ikija unao ushahidi kwamba kero ilishughulikiwa na tarehe yake. Na notisi ikija kweli, ijibu kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, usikae kimya ukingoja mgambo.

Mwenye Kiwanja:
Nashukuru sana wakuu, na Bibi. Karatasi ya getini nimeiandika hivi, rekebisheni:

"Kupima: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwa miadi ya simu. Kuchukua nguo: Jumanne na Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Bodaboda na bajaji zishushe ndani ya kibaraza, zisisubiri. Usipige honi, piga simu. Vitambaa vya Idi mwisho tarehe 15 Ramadhani."

Mhesabu Njia:
Ibandike upande wa ndani wa geti na utume kwa kila mteja kwenye simu. Ukiiweka nje kwa ukubwa itahesabika kuwa bango la biashara, na bango lina ada yake. Ongeza mstari mmoja: siku za kujaribu nguo hukuziandika, na hiyo ndiyo safari ya pili kati ya tatu.

Mwenye Kiwanja:
Kujaribu: Jumanne na Alhamisi, kabla ya saa 6 mchana. Asiyehitaji marekebisho achukue hapohapo.